Bongo: Neno Lililotoka Kichwani Likawa Nchi

(Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam kwenye Siku ya Kiswahili, mbele ya walimu na wanafunzi. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameniomba maneno yenyewe, nami nayaweka yote kama nilivyoyasema.)

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, wanangu wanafunzi, ndugu zetu mliovuka maji kutoka Unguja na Pemba, na wageni wetu kutoka Kenya: hamjambo?

Niliambiwa nichague neno moja la Kiswahili, nilizungumzie. Walionitangulia wamechagua maneno mazito: utu, uhuru, amani. Mimi nimechagua neno la mtaani. Nimechagua Bongo.

Nasikia vicheko huko nyuma. Chekeni, lakini mniambie: ni nani humu ndani ambaye wiki hii haijapita kinywani mwake? Muziki wetu unaitwa kwa neno hilo. Filamu zetu zinaitwa kwa neno hilo. Sisi wenyewe tunaitana kwa neno hilo, Mbongo kwa Mbongo mwenzake, hasa tukikutana ugenini. Na bado nikiuliza darasani limetoka wapi, wanafunzi wanatazama sakafu. Mmoja aliwahi kunijibu kwamba ni zile ngoma mbili ndogo zilizofungwa pamoja. Ngoma hizo asili yake ni Cuba, hazituhusu. Mwingine akasema ni mnyama. Kweli, yuko mnyama wa jamii ya swala anayeitwa bongo, mwekundu mwenye mistari myeupe, na wenzetu wa Kenya wanaye katika misitu ya Aberdare. Naye hatuhusu. Gabon imetawaliwa na Bongo baba, kisha Bongo mtoto. Hao pia wana yao.

Bongo yetu imetoka hapa. (Nikaweka mkono kichwani.) Imetoka kwenye ubongo. Leo nataka niwaombe tufuatane nayo, kutoka hapa kichwani hadi huko ilikofika, kwa sababu naamini neno hili limebeba kumbukumbu ambayo sisi wenye neno tumeanza kuitupa.

Niwape kisa. Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa miaka 15, nimemaliza darasa la saba huko Tabora. Mama akanipakia kwenye treni nije kwa kaka yake. Treni ikaingia Stesheni asubuhi, mjomba akanipokea akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri na katambuga miguuni, zile ndara za tairi la gari. Alikuwa karani katika shirika la umma. Akachukua kisanduku changu, akasema, "Karibu Bongo, mpwa wangu. Hapa ukilaza kichwa, unalala njaa."

Nikadhani Bongo ni jina la mtaa wake. Tukapanda basi la UDA, watu wamening'inia mlangoni, nami nikatega sikio nimsikie konda akitaja Bongo. Akataja Kariakoo. Akataja Magomeni, tukashuka. Nikauliza, "Mjomba, Bongo tumeipita?" Alicheka mpaka akaweka kisanduku chini. Kisha akanigonga kwa kidole kimoja kwenye paji la uso. "Bongo hii hapa," akasema.

Ndugu zangu, ile ilikuwa Dar es Salaam ya namna gani? Wenye umri wangu mnajua. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukapigana vita hadi mwaka 1979. Vita vilipokwisha Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na hiyo miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki pale pale. Sukari kwa foleni. Sabuni kwa foleni. Mwaka 1983 kukawa na msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi: aliyekutwa mjini bila kazi inayotambulika alikamatwa, akarudishwa kijijini kulima. Ukiwa kijana huna kitambulisho cha kazi, hata kwenda dukani kulitaka ufikiri utapita njia gani.

Ndani ya nyumba ya mjomba, mshahara ulikuwa unakwisha kabla ya tarehe 10. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshaamka kulisha kuku wake, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mkewe alikaanga maandazi kwa ule unga wa njano wa mahindi ya msaada, tuliouita unga wa Yanga kwa rangi yake. Unga ule haushikani. Yeye akagundua kwamba ukiponda viazi vitamu ukavichanganya humo, andazi linakaa. Tairi la baiskeli lilipopasuka na dukani hamna, mjomba alilishona kwa waya, akalivalisha kipande cha tairi jingine kwa ndani, akaenda nalo kazini mwaka mzima. Ofisini ilikuwa kazi. Haya mengine yaliitwa miradi. Na miradi ndiyo iliyotulisha, ikanisomesha mimi ninayesimama hapa.

Sasa, walimu wenzangu, nawauliza: kwa nini watu wa mji ule hawakuuita mji wao Akili? Neno akili lilikuwepo, tena lenye heshima. Nimelifikiria swali hili miaka mingi. Naona akili ni neno la kusifiwa. Mwalimu anakuambia una akili, baba anakusihi uwe na akili. Ubongo ni nyama. Uko mwilini kama msuli, unachoka, unachemka, unaupa kazi ukiwa na njaa. Ndiyo maana tunasema chemsha bongo, wala sijamsikia mtu akichemsha akili. Mjini pale watu hawakuwa wanajisifu kwamba ni werevu. Walikuwa wanasema wanachofanyia kazi ni kitu gani, maana jembe walikuwa wameliacha kijijini na mshahara ulikuwa jina tu.

Sitawaficha upande wa pili. Ndani ya bongo kulikuwa na magendo pia. Kulikuwa na mtunza stoo aliyetoa sukari kwa mlango wa nyuma, na kulikuwa na sisi tuliobisha hodi kwenye mlango huo. Tangu kuzaliwa kwake neno hili lina maarifa na lina ujanja, na ukijaribu kuvitenganisha unalichana katikati.

Lilikuwa na ndugu zake wa rika moja. Mwaka 1983 huo huo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano mtaani iliitwa dala. Makonda wakapiga kelele, dala, dala, na gari likapata jina lake mpaka leo. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameshafanya vile vile: mapeni matatu, yaani senti 30, yakawapa matatu. Nauli zile zimekufa zamani, majina yanaendelea kubeba abiria.

Lakini tazama tofauti. Daladala ni gari, na limebaki gari. Bongo haikukaa mahali pamoja.

Hapa naomba wanafunzi mnisikilize kwa makini, kwa sababu ushahidi wangu ni sarufi, na sarufi ni shahidi mzuri. Tukisema "ubongo wangu umechoka," tumo ndani ya kichwa. Tukisema "bongo zetu zimechoka," bado tumo kichwani. Huo ni wingi wake, kama ukuta na kuta. Sasa sikilizeni hii: "Bongo kumechangamka siku hizi." Ku! Ku- imetoka wapi? Hicho ni kiambishi cha mahali. Anayesema hivyo hazungumzii kichwa cha mtu yeyote. Anazungumzia mji.

Jaribuni na jambo la pili. Naenda mjini. Naenda sokoni. Naenda shuleni. Nomino ya kawaida ikitaka kuwa mahali inaomba -ni. Lakini naenda Tanga, naenda Mwanza. Jina lenyewe la mahali haliombi chochote. Je, kuna aliyewahi kusikia "naenda Bongoni"? Mimi sijasikia, na nimeishi hapa miaka 40 na zaidi. Maana yake ni nini? Maana yake wasemaji, bila kikao, bila muhuri, bila tangazo katika gazeti la serikali, walilivusha neno kutoka kwenye mwili wakalipandisha hadhi ya Tanga na Mwanza. Hiyo ni kazi kubwa. Na waliofanya kazi hiyo ni makonda, wauza samaki, makarani wenye katambuga.

Kisha likazaa. Mbongo. Wabongo. Kibongo. Kitu kilichokuwa kiungo cha mwili kikaingia ngeli ya watu, kikaanza kutembea: Mbongo anasafiri, Wabongo wamefika. Ngeli moja tu imelifungia mlango. Mtanzania ana Utanzania wake. Mswahili ana Uswahili wake. Mbongo ana nini? Ubongo? Kiti hicho kina mwenyewe tangu zamani. Neno likitaka kurudi nyumbani linamkuta mzee wake amekikalia.

Sasa swali: lini mji ukawa nchi?

Nina rafiki niliyesoma naye Tabora, mwenyeji wa Kigoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alibahatika kwenda Uingereza. Akaniandikia barua. Ameniuliza habari za mama yake, ameniuliza kama mawese yameshuka bei, kisha akaandika: "Na mvua je, Bongo zimenyesha?" Nikaisoma barua ile mara mbili. Mvua za wapi? Mama yake yuko Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Rafiki yangu huyu Dar es Salaam alikuwa ameipita tu, akielekea uwanja wa ndege. Kumbe yeye akisema Bongo alikuwa anasema Kigoma, na Tabora, na Dar, na vyote alivyoviacha. Kutoka mbali, mji na nchi vinaonekana kitu kimoja. Mwaka 1984 lau mtu wa Kigoma angesema yuko Bongo akiwa Kigoma, tungemsahihisha. Miaka michache baadaye sikuona hata sababu ya kumjibu kwamba amekosea. Nikamwambia mvua zimenyesha.

Na huku nyumbani mji wenyewe ulikuwa unavimba. Sensa ya 1978 iliwakuta watu 843,090 mkoani Dar es Salaam. Sensa ya 2022 imewakuta 5,383,728. Miongoni mwetu tulioongezeka, kila aliyerudi kwao sikukuu alirudi na kanga za mama, mkate mmoja au miwili, na maneno mapya. Kwa hiyo neno lilikuwa linatoka kwa milango miwili: kwa ndege na kwa mabasi ya mikoani.

Mlango wa tatu ulikuwa redio. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 huku bara tulikuwa na Redio Tanzania peke yake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua njia kwa watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994. Vijana walikuwa wameshaanza kurap kwa Kiswahili; Saleh Jabir alikuwa ameshatuonyesha mwaka 1991 kwamba inawezekana. Ila muziki wao haukuwa na jina. Mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa na wengi kwamba aliwapa jina, pale alipotaka kutofautisha R&B za Marekani na nyimbo za vijana wa hapa. Zile za Marekani zina ladha yake, hizi zina ladha ya Bongo. Bongo Fleva.

Tulichukiaje! Nasema tulichukia, kwa sababu nilikuwa mwalimu kijana na nilikuwa miongoni mwa waliochukia. Tuliuita muziki wa kihuni. Nilimnyang'anya mwanafunzi daftari kwa sababu kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa mashairi ya kurap. Usiku nikalisoma lile daftari. Mtoto alikuwa ameandika juu ya baba yake aliyepunguzwa kazi kiwandani, kwa vina vya kati na vya mwisho nilivyokuwa nashindwa kumfundisha kwa mwaka mzima. Kesho yake nikamrudishia mbele ya darasa, nikamwomba atusomee. Kama anasikia leo, ajue sijasahau.

Baada ya hapo neno halikushikika tena. Zikaja Bongo Movie, na siku mwigizaji Steven Kanumba alipofariki, Aprili 2012, Dar es Salaam ilisimama. Neno likavuka mipaka likabadilika tena. Miaka michache iliyopita nilikuwa Nairobi, ndani ya matatu. Msichana mmoja akamwambia dereva, "Tuwekee Bongo." Mimi Mbongo nikageuka kumtazama, tuwekewe nini? Dereva akabonyeza redio, gari zima likaanza kuimba. Kumbe kwake Bongo si mji wala nchi. Ni wimbo wa mapenzi wa Kiswahili. Ndugu zetu wa Kenya mnatikisa vichwa, kumbe nasema kweli.

Nawaona na ndugu zetu wa Unguja mmekunja mikono. Najua. Kwenu Bongo ni bara, huku kwetu, na vijana wenu walipoimba waliita wao Zenji Fleva. Kwa hiyo nikisema Bongo ni Tanzania, nasema kama mtu wa bara anavyosema, na mtu wa visiwani ana haki ya kunirekebisha. Neno la mtaani halina mpaka uliochorwa. Kila mmoja analichora kutoka pale alipokaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague neno hili.

Mwaka jana niliita fundi anirekebishie bomba. Kijana hodari, mikono yake inajua kazi. Aliniambia saa mbili asubuhi, akaja saa tisa alasiri. Amefunga bomba kwa kipande cha mpira, maji yakawa yanadondoka taratibu. Nikamwuliza, "Baba, hivi ndivyo?" Akatabasamu, akaniambia, "Mwalimu, si unajua Kibongobongo."

Si unajua Kibongobongo. Nilikaa chini. Kuchelewa ni Kibongobongo. Foleni isiyoeleweka ni mambo ya Kibongo. Barabara imechimbwa ikaachwa, watu wanasema hapa Bongo bwana. Asiyefikiri tunamwita bongo lala, na siku hizi nasikia kuna wanaoona kwamba jina la nchi na tusi hilo vinafanana. Mnaona lilikofika? Neno lililoanza likimaanisha kichwa kisicholala limeanza kutumika kama udhuru wa kichwa kilicholala.

Mtaniambia, mwalimu, maneno hubadilika, wewe mwenyewe umetueleza hivyo nusu saa nzima. Kweli. Sisimami hapa kuzuia maneno yasitembee. Mji kuwa nchi nimeufurahia, nchi kuwa wimbo nimeufurahia. Lakini kipande kile cha mpira kwenye bomba langu na waya ule kwenye tairi la mjomba vinafanana kwa macho tu. Mjomba alishona tairi kwa sababu tairi halikuwepo mjini. Fundi wangu duka la vifaa lilikuwa hatua mia kutoka kwangu. Wote wawili ni Bongo, na mimi siwezi kukubali kwamba ni Bongo moja. Nilimwambia hivyo kijana yule. Nikamweleza habari za tairi, na viazi vitamu kwenye maandazi, na kuku wa saa kumi alfajiri. Alinisikiliza, akauliza maswali. Hakuwa amewahi kusikia limetoka wapi. Hakuna aliyemwambia. Kisha akaenda dukani akarudi na kiungo kipya cha bomba, na sikumwomba.

Nikae chini baada ya hiki kimoja.

Mjomba bado yupo. Ni mzee sana sasa, anakaa Mbagala kwa binti yake. Nilipojua nitazungumza hapa nilikwenda kumwona, nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka yote hiyo: "Mjomba, wewe neno Bongo ulilisikia wapi mara ya kwanza?" Alinyamaza muda mrefu. Nje kilikuwa kinapigwa kimuziki fulani, mjukuu wake anafua na simu iko pembeni inaimba.

Akasema, "Kwenye foleni ya sukari. Tulikuwa tumesimama tangu alfajiri. Kijana mmoja mbele yangu akafika dirishani, akaambiwa imekwisha. Akageuka, mfuko mtupu, akasema, 'Wandugu, hapa bila bongo hatuli.' Tukacheka sote, hata yule wa dirishani. Jioni nikamwambia mke wangu. Kesho nikawaambia ofisini."

Nikamwuliza, "Alikuwa nani, yule kijana?"

"Simjui," mjomba akasema. "Foleni ikasogea."